Dakika Kumi na Tisa

Wenzake wa kupanda majabali walimwita Gundi, kwa sababu akishika jiwe haachii. Jina lilianza kwa utani likamkaa mwilini, mpaka bosi wake kazini naye akawa anamwita hivyo. Alikuwa na miaka thelathini na sita. Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno bandia, katika chumba kimoja nyuma ya zahanati ya meno, na kila Jumapili asubuhi alijifunga godoro mgongoni akaenda kupanda mawe.

Godoro lile lilitengenezwa kwa kazi hiyo. Lilikuwa na mikanda kama ya begi, na likikunjwa lilimzidi kichwa, hivyo kwa nyuma mtu aliona godoro linatembea kwa miguu miwili. Mtaani hawakuchoka kumtania. "Unahama tena leo?" aliulizwa na muuza magazeti wa kwenye kona, kila Jumapili, maneno yaleyale. Zamani Gundi alikuwa na jibu jipya kila wiki. Mwaka huu alikuwa anainua mkono tu na kupita.

Majabali yenyewe yalikuwa nyuma ya machimbo ya kokoto yaliyofungwa, mwendo wa dakika arobaini kwa miguu. Si milima. Ni mawe makubwa yaliyotawanyika kwenye majani, mengine kimo cha mtu, mengine kimo cha nyumba. Wanaopanda pale hawatumii kamba. Unapanda mita tatu au nne kwa vidole na ncha za viatu, na ukianguka unaangukia godoro. Kila jabali lina jina lake. Lililomshinda Gundi kwa muda mrefu liliitwa Kabati, kwa sababu lilikuwa la mraba, bapa kwa mbele, na juu lilikuwa na ukingo uliotokeza kama kabati lililosahauliwa mlango wazi.

Wapandaji walikuwa na kundi lao kwenye simu, na katika kundi hilo hakuna aliyeaminiwa kwa mdomo. Ukisema umepanda njia fulani, unajibiwa neno moja: "Tuma." Kwa hiyo wote walijirekodi. Gundi naye alikuwa na stendi ndogo ya miguu mitatu. Aliisimamisha hatua mbili tatu kutoka kwenye godoro, akabana simu, akabonyeza, akapanda. Baada ya mama yake kufariki aliacha kwenda na wenzake. Alianza kwenda peke yake, mapema, kabla hawajafika. Hakutuma tena chochote kwenye kundi, lakini kurekodi hakuacha. Ilikuwa sehemu ya kazi, kama kufunga kamba za viatu. Wakati wa chakula cha mchana, ameketi mbele ya meza yake ya kutengenezea taya za plasta, aliziangalia video hizo bila sauti na kumkosoa yule mwanamke wa kwenye kioo cha simu: mguu wa kulia uko juu mno, kiuno kiko mbali na jiwe. Aliangalia jinsi anavyoangalia taya la mteja asiyemjua.

Mama yake aliugua miaka miwili. Kiharusi kilimchukua upande mmoja, na Gundi, ambaye hakuwa na mume wala mtoto, alihamia chumba cha mama. Alimlisha, alimgeuza, alimwogesha, alimbadilishia mashuka. Mama alifariki alasiri ya Jumanne, Gundi akiwa jikoni anachuja uji. Aliingia chumbani, akaona, akarudi jikoni akamaliza kuchuja. Kisha ndipo alipompigia simu dada yake.

Msibani hakutoa chozi. "Huyu ana moyo mgumu," shangazi mmoja alisema nyuma ya mlango, kwa sauti ya mtu anayetaka asikike. Gundi alisikia, akafikiri huenda ni kweli. Siku ya nne alikuwa kazini. Toka hapo miezi minane ilipita, na kila kitu kikawa sawasawa na kingine. Chakula kilikuwa cha kushibisha tu. Watu wakichekesha, alijua hapa ndipo pa kucheka, akacheka. Hakuumwa popote. Angeumwa angejua la kufanya.

Jumapili aliyoanguka haikuwa na tofauti. Kulikuwa na baridi kidogo, jiwe lilikuwa kavu. Alisimamisha simu, akapaka vidole chaki, akapanda Kabati, akafika chini ya ukingo, mahali alipokuwa hajawahi kufika. Halafu akawa chini. Mguu wa kushoto ulikuwa nje ya godoro, umekunjika vibaya juu ya jiwe dogo.

Aliyemkuta alikuwa Mrefu, mmoja wa wale wapandaji, mwalimu wa hesabu mwenye mikono ya kufika popote. Alimkuta amelala chali, macho yako wazi, anatazama juu.

"Gundi! Umeanguka?"

"Nadhani mguu umevunjika," alisema Gundi, kama anayemwambia saa.

Mrefu alimbeba mgongoni hadi barabarani, akarudi mbio kuchukua godoro na simu. Kwenye gari alimuuliza: "Simu iko palepale. Mbona hukupiga?"

"Ilikuwa inarekodi."

Mrefu alicheka hadi akapunguza mwendo. Alilisimulia jibu hilo hospitali, akalisimulia kwenye kundi, na kila aliyelisikia alicheka. Gundi yule yule, walisema.

Mifupa miwili ya kifundo ilikuwa imepasuka. Muuguzi alipokuwa anamwandalia plasta, Gundi alimtazama anavyokoroga, akamwambia, "Punguza maji, hiyo itachelewa kushika." Muuguzi alimkata jicho. Ilichelewa kushika.

Dada yake alifika na mkoba wa kazini begani ingawa ilikuwa Jumapili. Alikuwa karani wa mahakama, amemzidi Gundi miaka tisa, mwanamke mnene mwenye kusema haraka, na alikuwa amezoea kuwa yeye ndiye anayepanga nani aketi wapi.

"Imekuwaje?"

"Niliteleza."

"Uliteleza. Mtu mzima na akili zake anapanda mawe kama mbuzi, halafu anateleza." Alimpangusa chaki shavuni kwa kidole gumba. "Gundi gani hiyo isiyoshika? Haya, nyumbani kwangu. Sitaki kusikia neno."

Gundi alinyoosha mkono apewe magongo.

Walimpa chumba cha kupigia pasi. Kitanda kilisukumwa ukutani, meza ya pasi ikasimamishwa nyuma ya mlango, na kwa wiki ya kwanza mashati ya shemeji yalimning'inia Gundi juu ya kichwa kama watu waliokuja kumpa pole. Shemeji alikuwa mtu wa maneno machache, mkaguzi wa mizani za maduka. Kila asubuhi alisimama mlangoni, akauliza, "Umeamkaje?" Gundi akajibu, "Salama." Naye akasema, "Basi vizuri," akaenda zake kukagua mizani.

Bosi wake alimletea kazi. Alikuja mwenyewe na boksi: taya za plasta, nta ya waridi, taa ndogo ya spiriti, visu, na meno yaliyopangwa kwenye kadi zake, sita sita. "Nimeona ukikaa bure utavunja na ule mwingine," alisema. Gundi akawa anafanya kazi kwenye meza ya jikoni, mguu juu ya kigoda. Alilainisha nta kwenye moto, akasimamisha jino, akalitazama kwa pembeni, akalisukuma kidogo kwa ncha ya kisu. Mikono yake haikuwahi kuharibika. Saa zilipita. Dada akirudi kutoka mahakamani alimkuta palepale, na sahani ya mchana imefunikwa kama alivyoiacha.

"Hujala."

"Nilisahau."

Dada aliipasha moto, akakaa mbele yake hadi ikaisha.

Video ya kuanguka Gundi hakuitazama. Mrefu aliandika kwenye kundi kuomba waione, wengine wakaandika "tuma, tuma," yeye akazima mlio wa kundi. Si kwamba aliogopa. Aliona tu kama barua ya mtu mwingine iliyoletwa kwake kwa makosa.

Wiki ya tano, siku ya Ijumaa, alimaliza taya la juu na la chini la mteja mmoja mzee, na bosi akataka picha ili amwonyeshe daktari kabla ya kupika, yaani kugeuza nta iwe plastiki ngumu. Mikono ya Gundi ilikuwa na nta, akamwomba dada yake apige picha hiyo. Dada akachukua simu, akabonyeza, simu ikakataa.

"Inasema imejaa. Umejaza nini humu?"

"Video. Futa zile ndefu."

Dada akavuta kiti karibu na dirisha, akavaa miwani yake, akaanza kutafuta ndefu. Gundi akaendelea kukwangua nta kwenye vidole. Ilipita muda. Alisikia upepo ndani ya simu, ndege, viatu kwenye jiwe, kisha mshindo mfupi. Kisha upepo tena. Dada alirudisha nyuma. Mshindo. Akarudisha nyuma mara ya tatu, na safari hii akaiacha iendelee, na upepo ule ukajaa jikoni kwa muda mrefu sana.

"Njoo hapa," alisema mwisho. Halafu akakumbuka mguu, akainuka yeye, akaweka simu mezani katikati ya meno. "Ulisema uliteleza."

"Niliteleza."

"Mdogo wangu. Miaka ishirini na moja nakaa chini ya hakimu naandika maneno ya watu. Anayeteleza anatapatapa. Anashika hata hewa. Tazama."

Gundi akatazama. Mwanamke mwenye fulana ya bluu alipanda Kabati vizuri, kiuno karibu na jiwe. Alifika chini ya ukingo. Mkono wa kulia ulikuwa umeshika mahali pazuri, wa kushoto pia, miguu yote miwili imetulia. Alisimama hapo. Hakutazama chini wala juu. Pembeni ya kioo zilihesabika sekunde kumi na moja, kisha mikono yote miwili ikafunguka kwa pamoja, polepole, kama ya mtu anayeweka ndoo chini. Hakupiga ukelele.

"Hukuteleza," alisema dada. "Uliachia."

Gundi aliangalia mikono yake iliyokuwa mezani. Ilikuwa na nta ya waridi kwenye kucha.

"Inawezekana," alisema.

"Inawezekana?" Sauti ya dada ilipanda, akaishusha. "Ulitaka kufa?"

"Pale mtu hafi, dada. Ni mita nne."

"Sikukuuliza kama pale mtu anakufa."

Nje jirani alikuwa anaburuta mapipa. Gundi alijaribu kutafuta jibu la kweli, kwa sababu dada alistahili jibu la kweli, lakini ilikuwa kama kupapasa mfuko ambao unajua hauna kitu.

"Sikutaka kufa," alisema. "Sikutaka chochote. Nilikuwa nimeshika, halafu nikawa sioni sababu ya kuendelea kushika. Basi."

Dada alivua miwani. Gundi alidhani yameisha, lakini dada alisogeza kidole kwenye kioo, akapeleka video mbele. Mwanamke wa bluu alikuwa amelala chali. Dada akapeleka mbele tena. Amelala. Mbele tena. Majani yalitikisika, kivuli cha jabali kikasogea kidogo, yeye amelala, hadi Mrefu alipoingia kwenye picha akikimbia.

"Dakika kumi na tisa," dada alisema. "Nimezihesabu. Mguu umevunjika, kifundo kimevimba kama papai, simu iko hapa na wewe uko hapa." Alipima kwa mikono juu ya meza, akaangusha kadi mbili za meno. "Hatua mbili. Ungetambaa. Ungepiga kelele. Ulisema simu ilikuwa inarekodi, na mimi nikacheka. Nimelisimulia kazini, Gundi! Nimewachekesha watu!" Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina hilo si kwa kejeli. "Kwa nini hukuniita?"

"Sikukumbuka."

"Hukukumbuka nini?"

"Kwamba kuna mtu wa kuita."

Dada alianza kuokota meno sakafuni, moja moja, akiyaweka kwenye kiganja, na alipokuwa huko chini ya meza, ambako Gundi hakumwona uso, akaanza kusema.

"Miaka miwili nilikuwa mgeni katika nyumba ya mama yangu. Naja Jumamosi na mfuko wa matunda, nakaa saa mbili, naondoka. Njiani najisifu, nasema mimi ni mtoto mwema, nimekwenda. Wewe ulikuwa unamgeuza kila baada ya saa tatu. Mgongo wake haukupata hata kidonda kimoja, daktari alishangaa. Mimi sikukuuliza hata siku moja kama unalala." Akapanda juu, uso umelowa, nywele zimechomoka. "Yamo yote? Yalikuwa sita."

"Yalikuwa kumi na mawili," alisema Gundi.

Akarudi chini ya meza.

Jumatatu dada hakwenda kazini. Alimwita mwenye teksi, akampakia Gundi na magongo yake, akampeleka hospitali, si kwa daktari wa mifupa bali ghorofa ya juu, kwa daktari wa afya ya akili, mama wa makamo aliyekuwa amevua viatu chini ya meza na kuvaa kandambili. Dada alitaka kuingia naye. Mama yule akamwambia aketi nje, naye kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaketi alipoambiwa.

Gundi alijibu maswali. Analala? Analala. Anakula? Akikumbushwa. Amelia tangu msiba? Hapana. Lini mara ya mwisho kufurahia kitu? Hapo alifikiri sana, mpaka yule mama akasema hakuna haja ya kujibu leo. Akamwambia hali hiyo ina jina, inaitwa sonona, na si lazima iwe na machozi. Kwa wengine inakuja kama ganzi. Alimwandikia vidonge vya asubuhi na tarehe ya kurudi. "Havitakupa furaha," alimwambia. "Vikikubali, vitakupa nafasi ya kuona kama iko." Gundi aliweka karatasi mfukoni. Hakujisikia nafuu. Alijisikia kama mtu aliyepimwa urefu.

Plasta ilikatwa wiki ya saba. Mguu uliotoka ndani ulikuwa mwembamba, wa kijivu, na dada aliuosha kwenye beseni akilalamika kuhusu harufu. Gundi aliondoka kwa dada akarudi nyumbani kwake, akarudi kazini. Kila Alhamisi alipanda zile ngazi kwenda kwa mama wa kandambili. Baadhi ya Alhamisi walizungumza kuhusu marehemu mama, baadhi kuhusu plasta. Mara moja Gundi alikaa dakika arobaini bila kusema neno, na yule mama akamalizia kufuma sweta lake.

Mwezi wa nne tangu aanguke, alimwambia dada yake anataka kurudi kwenye majabali. Alisema hivyo kwenye simu, akijiandaa kugombezwa. Dada akauliza, "Saa ngapi?"

"Saa ngapi nini?"

"Tunaondoka saa ngapi? Unadhani nitakuacha na stendi? Ile stendi ilikutazama ukianguka haikusema kitu. Simu nitashika mimi."

Hivyo ndivyo dada wa mahakamani alivyoanza kwenda machimboni kila Jumapili na viatu vya ofisini, mwavuli, na chupa ya chai. Muuza magazeti alipowaona wawili alisimama kabisa. "Leo mnahama ukoo mzima?" Dada akamjibu papo kwa papo kwamba wanahama kwa sababu ya majirani wanaouliza maswali.

Kurekodi hakujua. Video zake za mwezi wa kwanza zilikuwa nusu anga, nusu kidole gumba. Katika moja, Gundi anapanda jiwe dogo la upande wa chini, na simu ghafla inageuka kufuata mjusi. Na katika zote dada anaongea. "Sasa ameweka mguu hapo, sijui kwa nini ameweka hapo, mimi nisingeweka hapo. Ah, ameutoa. Anaona mbele huyu." Gundi alizitazama mezani pake wakati wa chakula cha mchana, kwa sauti sasa, maana bila sauti hazikuonyesha kitu. Bosi aliyekuwa anang'arisha taya alizima mashine ili asikie vizuri. Gundi hakucheka, lakini aliziangalia hadi mwisho, na siku moja akagundua kwamba amekula chakula chote huku akiangalia.

Mrefu na wengine walimpokea bila maswali. Mrefu alitaka kusema kitu kuhusu siku ile. Alishika kofia yake, akaizungusha, akasema, "Tunafurahi umerudi," akaenda kupanda jiwe rahisi kuliko yote.

Jumapili moja ya kiangazi, Gundi alitandika godoro chini ya Kabati. Aliondoa mawe madogo yote pembeni. Dada alilitambua jabali lile la kwenye video, akaelewa. Alifunga mwavuli.

"Lazima leo?"

"Si lazima."

"Basi nimeshika simu. Inarekodi. Nadhani inarekodi. Kuna alama nyekundu."

Gundi alipaka chaki akapanda. Mguu wa kushoto ulikuwa bado na uzito wake, akauweka mahali papana zaidi. Sehemu ya chini ilikwenda kama alivyoikumbuka. Alifika chini ya ukingo, mkono wa kulia ukapata mahali pake, wa kushoto pia, miguu ikatulia. Akasimama.

Dada alikuwa anaongea toka mwanzo. Sasa aliacha. Gundi alisikia ukimya ule mgongoni. Alingoja kuona kama kile kitu kitakuja, ile hali ya kutoona sababu, na kwa kweli kilikuwapo, hakikuwa kimeondoka. Kilikuwa pale kama samani. Lakini kulikuwa na kitu kingine pia: vidole vya kulia vilikuwa vinamuuma. Jiwe lilikuwa na ncha kali chini ya kidole cha kati, na ncha ile ilikuwa inamchoma, na ilimshangaza kidogo kwamba inachoma hivyo.

"Dada," alisema bila kugeuka.

"Nipo."

"Sitaki kumalizia. Nashuka."

"Shuka. Shuka taratibu. Mimi niko hapa, godoro liko hapa. Shika hapo uliposhika mwanzo. Sio hapo! Ndiyo, hapo."

Alishuka hatua kwa hatua. Mita ya mwisho aliruka, akatua kwa miguu yote miwili katikati ya godoro. Alikaa palepale. Dada akaja akakaa kando yake, godoro likainama upande mmoja, wakagongana mabega.

"Umejisikiaje?" dada aliuliza.

"Sijui." Gundi alimwonyesha kidole. Ngozi ilikuwa imechanika kidogo, damu imechanganyika na chaki ikawa kama unga wa waridi. "Kinaniuma."

"Kinauma sana?"

"Kiasi."

Dada alikichukua kile kidole akakikagua kwa karibu, miwani imeshuka puani, kama hati yenye muhuri wa mashaka. Alikimwagia chai ya uvuguvugu kutoka kwenye chupa, kwa sababu maji hawakuwa nayo. Gundi alivuta pumzi kwa meno. Hakulia siku hiyo. Alilia wiki tatu baadaye, kazini, bila sababu yoyote aliyoweza kuitaja, alipokuwa anachagua rangi ya meno kwa mteja wa makamo aliyetaka yawe meupe kuliko inavyofaa. Alilia kiasi cha robo saa, bosi akamshikia kadi, kisha akaendelea kuchagua. Mama wa kandambili alipoambiwa aliandika kitu kwenye daftari lake na kuuliza mteja alichukua rangi gani mwishoni.

Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Siku ile walikunja godoro wakatembea hadi barabarani, ambako shemeji aliahidi kuwachukua akitoka kwenye mizani. Alichelewa. Walitandika godoro juu ya majani kando ya barabara wakakaa, dada akavua viatu vya ofisini, akaanza kueleza habari ya kesi moja ya mipaka ya viwanja, na katikati ya maelezo, kabla hajasema nani alishinda, usingizi ukamchukua. Alilala na mdomo wazi, mkono mmoja juu ya mguu wa Gundi. Malori yalipita, vumbi likawapanda. Gundi aliondoa jani kwenye nywele za dada yake, akalitupa, akakaa anaangalia barabara. Gari la shemeji lilipotokea kwa mbali, alimwamsha.